Askari hupiga shabaha, majirani hubeba uwanja

Kazi ya uwanja wa shabaha huanza na mashine ya kukata nyasi. Theluji ikishayeyuka, kwenye vijiji vingi vya Uswisi kuna watu wanaoacha mapumziko yao ya Jumamosi wakaenda kusafisha njia ya mita 300 iliyo kati ya nyumba ya wapigaji na ukuta wa shabaha. Mmoja anakata nyasi, mwingine anazibua mfereji uliojaa majani, wa tatu yuko juu ya ngazi anabadilisha vigae vilivyopasuka kwa baridi. Ndani ya nyumba mtu amepiga magoti, anakagua mikeka ya kulalia wapigaji mmoja baada ya mwingine na kuitenga iliyochanika. Hakuna anayelipwa. Huyu ni fundi bomba, yule karani wa benki, yule mwingine mzee aliyestaafu posta, na wote ni wanachama wa klabu ya shabaha ya kijijini kwao.

Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia habari za kulenga shabaha, mawazo yetu huenda kambini: jeshi, polisi, au mafunzo ya mgambo. Uwanja ni wa Serikali, risasi ni za Serikali, na raia akiona bendera nyekundu anapita mbali. Uswisi wamepanga vingine. Uwanja ambao askari hupimwa uwezo wake kila mwaka unaendeshwa na majirani zake, kwa kujitolea, na sheria ya nchi inawategemea. Mara nyingi habari za nchi hiyo na silaha zake huandikwa kutoka upande wa bunduki. Mimi naona waliosahauliwa ni hawa wanaoshika funguo, daftari na koleo, na makala haya ni yao.

Wajibu wa askari, mzigo wa kijiji

Msingi wa mambo yote haya ni sheria ya jeshi. Mwanamume wa Uswisi mwenye afya ana wajibu wa kutumikia jeshi. Kwa mwanamke ni hiari. Hawakai kambini mwaka mzima. Wanafunzwa ukuruta, wanarudi kazini na vyuoni, kisha wanaitwa tena kwa vipindi vifupi, na katikati ya vipindi hivyo wengi hukaa na bunduki zao nyumbani. Ibara ya 63 ya sheria hiyo inamtaka askari mwenye bunduki apige shabaha kila mwaka nje ya muda wa utumishi wake. Ibara ya 133 inazitaka halmashauri zihakikishe viwanja vya kufanyia hivyo vinapatikana bure.

Angalia sheria hizo zinavyoachia nafasi katikati. Askari analazimishwa kufika. Halmashauri inalazimishwa kuwa na uwanja. Lakini nani atafungua mlango, ahesabu risasi, asimamie mstari, aandike alama, atengeneze kilichoharibika na kufagia jioni? Hapo ndipo klabu inapoingia. Vilabu hivi si vitoto vya jana. Shirikisho lao la taifa liliundwa Aarau mwaka 1824, miaka 24 kabla ya katiba ya mwaka 1848 iliyoifanya Uswisi kuwa dola la shirikisho kama lilivyo leo. Watu walikuwa wamekwisha kukutana kwenye mashindano ya shabaha kutoka majimbo mbalimbali, wakala meza moja na kusikilizana hotuba, kabla hawajawa na serikali moja. Leo shirikisho hilo lina vilabu zaidi ya 2,000 na wanachama takriban 130,000, katika nchi yenye watu milioni 9.

Kwa hiyo ukimuuliza mwenyekiti wa klabu yeye ni nani hasa, ana majibu mawili, na yote ni kweli. Ni kiongozi wa chama cha michezo cha hiari, kama cha mpira au kwaya. Na ni mtu anayelitekelezea dola kazi ambayo dola lenyewe halina watu wala majengo ya kuifanya.

Jioni moja ya Juni

Askari anafika kwa baiskeli au treni, bunduki mgongoni, bila risasi hata moja. Abiria wenzake hawashtuki. Ni jambo la kila mwaka. Karibu na mlango ameketi katibu wa klabu na makaratasi yake. Anapokea barua ya jeshi, anatazama kitambulisho na kijitabu cha askari, anabandika lebo kwenye karatasi ya alama. Risasi 20 zinahesabiwa. Hizi za shabaha ya lazima hutolewa na Serikali. Za mazoezi mengine klabu huuza kwa bei iliyopunguzwa na ruzuku, kwa sharti kwamba zipigwe pale pale uwanjani. Zilizobaki hurudishwa mezani, hazitoki mlangoni.

Bila kinga ya masikio askari havuki kwenda kwenye mstari. Mlio wa bunduki karibu na sikio unazidi desibeli 150, na wapo wazee wengi wa vilabu hivi ambao ujanani walizibia masikio kwa pamba au hawakuziba kabisa. Leo wanaomba kurudiwa maneno mara mbili.

Kwenye mstari anapokewa na msimamizi. Huyu ni mwanachama wa kawaida aliyepita kozi inayotambuliwa na shirikisho, naye hurudi kunolewa kila baada ya muda. Wiki nzima labda anauza matairi. Lakini akivaa kitambaa chake cha usimamizi, neno lake ndilo la mwisho pale, na mbele yake hakuna meja wala kuruta. Akisema "acha", midomo ya bunduki yote inanyamaza.

Mpigaji analala kifudifudi, mtutu ukielekea shabaha wakati wote. Risasi tano za kwanza anazipiga kwenye shabaha ya duara yenye kutoa hadi alama 5 kwa risasi. Kumi na tano zilizobaki anazipiga kwenye shabaha yenye umbo la kiwiliwili, rangi zake zikichanganyika na za majani na udongo, ambayo alama yake ya juu ni 4. Nyingine ni za moja moja kwa utulivu, nyingine za mfululizo huku saa ikihesabu. Alama kamili ni 85. Anayefikisha 42, bila kukosa shabaha zaidi ya mara tatu, amefaulu. Asiyefikisha anaruhusiwa kurudia, safari hii akijinunulia risasi mwenyewe, na akishindwa kabisa anaitwa kwenye kozi maalumu.

Kisha inakuja sehemu ninayoiheshimu kuliko zote, na mtazamaji wa haraka anaweza asiione. Mpigaji amemaliza. Anachomoa magazini. Anavuta kufuli nyuma na kuliacha wazi. Hainuki. Anasubiri. Msimamizi anakuja, anainama mpaka uso wake unakaribia bunduki, anatazama ndani ya chemba kwa macho yake mwenyewe, kisha anamgusa mpigaji begani: amka. Anahamia kwa anayefuata. Anainama. Anatazama. Anagusa bega. Amefanya hivyo leo kwa watu 40, wiki iliyopita 60, na kwa miaka mingi hajawahi kukuta risasi iliyosahaulika ndani, au amekuta mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo anayoinamia kila jioni.

Mwisho wa shabaha ya lazima ni tarehe 31 Agosti. Vilabu vinajua kwamba vijana watachelewa, kwa hiyo jioni za mwisho za Agosti zina foleni ndefu, na wanaojitolea hujipanga kwa zamu hizo mapema. Askari asiyetimiza huitwa na jeshi kwenye kozi ya kufidia, na asipokwenda anaadhibiwa. Mwanachama wa klabu asipokwenda, hakuna adhabu. Anakwenda.

Kutoka kibao hadi kipaza sauti

Kwa vizazi vingi kazi ngumu zaidi ilikuwa upande wa pili, kwenye handaki lililo chini ya shabaha. Humo walikaa watu, mara nyingi vijana wa kijiji waliotaka hela kidogo ya mfukoni, wakisikia risasi zikipita juu ya vichwa vyao. Shabaha ikipigwa waliishusha, wakatafuta tundu, wakaliziba kwa karatasi na gundi, wakaipandisha, kisha wakaonyesha kwa kibao chenye mpini mrefu risasi imeingia wapi. Kibao kikipungwa huku na huku maana yake umekosa kabisa, na kijiji kizima kimekuona.

Siku hizi viwanja vingi vina shabaha za elektroniki. Zinafanya kazi hivi: risasi ya bunduki ya jeshi la Uswisi hutoka mtutuni kwa kasi ya zaidi ya mita 900 kwa sekunde, haraka kuliko sauti, na huburuta wimbi la mgandamizo wa hewa. Kwenye fremu ya shabaha kuna vipaza sauti. Wimbi huifikia pembe moja kabla ya nyingine, na kompyuta hutumia tofauti hiyo ndogo ya wakati kukokotoa risasi imepita wapi. Alama inatokea kwenye kioo kando ya mpigaji kabla hajavuta pumzi ya pili. Kampuni ya Kiswisi ya SIUS, iliyokulia kwenye soko hili la nyumbani, ndiyo ambayo vifaa vyake vya alama vimetumika hata kwenye Michezo ya Olimpiki.

Vijana wa handakini wamepumzika, lakini kazi haikuisha. Imegeuka ya fundi. Mpira wa mbele ya shabaha huliwa katikati na risasi na lazima ubadilishwe kwa wakati, la sivyo sauti inavuja na alama zinadanganya. Nyaya zinapita ardhini mita 300, na maji yanaingia kwenye maungio. Radi ikipiga karibu, kadi za kompyuta zinaungua. Kila klabu yenye bahati ina mwanachama mmoja anayejua umeme, na simu yake hailii kwa wakati mzuri hata siku moja. Asipokuwepo huyo, inabidi aitwe fundi wa kampuni kwa bei ya kampuni.

Bei ndiyo habari yenyewe. Serikali huzipa klabu malipo madogo kwa kila anayepiga shabaha ya lazima, na wanachama hulipa ada. Pengo huzibwa jikoni. Karibu kila nyumba ya wapigaji ina chumba cha meza ndefu ambako huuzwa soseji za kuchoma, kahawa, bia na supu, na wapishi na wahudumu ni wanachama wale wale au wenza wao. Klabu huandaa karamu, michezo ya bahati nasibu na mashindano ya kualika majirani. Huo ndio msaragambo wao. Soseji moja moja, ndipo mpira mpya wa shabaha namba tatu hununuliwa.

Jirani anataka kulala

Vijiji vilivyokuwa na nyumba chache vimekuwa miji midogo. Nyumba mpya zinajengwa hadi karibu na viwanja vilivyokuwepo kabla ya babu wa mwenye nyumba kuzaliwa, na mwenye nyumba anataka jioni tulivu. Ana haki hiyo, na sheria inaitambua. Kanuni ya Uswisi ya kudhibiti kelele, ya mwaka 1986, ina kipengele kizima kwa ajili ya viwanja vya shabaha, na hesabu yake inavutia: haiangalii ukubwa wa mlio tu, inahesabu pia nusu siku za kupiga kwa mwaka, na nusu siku ya Jumapili huhesabiwa mara tatu ya nusu siku ya wiki.

Hesabu hiyo imebadilisha maisha ya kamati za vilabu. Kalenda ya msimu, iliyokuwa ikipangwa kwa mazoea, sasa hupangwa kama bajeti. Ukitumia Jumapili moja asubuhi kwa mashindano, umekula jioni tatu za mazoezi. Vilabu kadhaa vinavyochangia uwanja mmoja vinagawana nusu siku hizo kwa majadiliano makali wakati wa baridi. Baadhi wamejenga kinga za mbao na sufi za kumeza mlio mbele ya kila mkeka. Ratiba hutangazwa mapema ili mwenye kufuga, mwenye kupanda mlima na mwenye mtoto mchanga wajue. Siku ya kupiga, bendera nyekundu hupandishwa, na njia zinazokatiza eneo la hatari hufungwa.

Mwenyekiti mwenye busara haendi kwa jirani mwenye hasira akiwa na kifungu cha sheria mkononi. Anamwalika kwenye soseji, anamwonyesha kalenda, anamuuliza binti yake anaolewa tarehe ngapi, na tarehe hiyo inafutwa kwenye ratiba.

Sumu iliyozikwa mlimani

Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito. Kwa zaidi ya karne moja risasi zilipigwa zikaingia kwenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Zikabaki humo. Risasi ya bunduki ya zamani ya milimita 7.5, ambayo wapigaji wengi bado wanaipenda, ina uzito wa zaidi ya gramu 11. Klabu ikipiga 10,000 kwa mwaka, tuta limepokea zaidi ya kilo 110, nyingi yake ikiwa madini ya risasi, na ndani yake mna pia antimoni. Zidisha kwa miaka 100. Hizo ni tani 11 kwenye kipande cha ardhi cha ukubwa wa ua wa nyumba, mara nyingi ukingoni mwa malisho ambako ng'ombe hulamba nyasi, au juu ya chemchemi inayonywesha kijiji.

Idara ya mazingira ya Uswisi inahesabu takriban viwanja 4,000 vilivyochafuliwa kwa namna hiyo, vingine vikiwa vimefungwa zamani. Dawa yake ni moja: kuchimba udongo, kuuchukua, kuuosha au kuuzika mahali pa usalama, na kurudisha udongo safi. Kwa uwanja mmoja gharama inaweza kufika mamia ya maelfu ya faranga. Upo mfuko wa shirikisho unaochangia, unaotunishwa kwa tozo za utupaji taka, lakini uliwekewa sharti: viwanja vilivyotaka mchango huo viache kupiga kwenye udongo ifikapo mwisho wa mwaka 2020, na vile vilivyo kwenye maeneo ya vyanzo vya maji viliwekewa mwisho wa mapema zaidi, 2012.

Ndiyo sababu ukienda leo nyuma ya shabaha utakuta masanduku ya chuma. Yamejazwa chembechembe za mpira, na uso wa kila moja umefunikwa kwa bamba jepesi. Risasi hupenya, hupunguzwa kasi na chembechembe, na kubaki humo mpaka sanduku lifunguliwe na kuchujwa. Ni ufumbuzi mzuri. Ni ufumbuzi pia unaodai macho ya mtu. Risasi nyingi huingia katikati, kwa hiyo bamba hutoboka katikati, chembechembe huanza kumwagika, na mvua ikiingia ndani, maji machafu yatatoka. Yuko mwanachama ambaye kazi yake ni kushuka mita 300 kila baada ya zoezi kubwa, kutazama masanduku, kuziba, kufagia chembe zilizomwagika na kuandika daftarini. Amevaa glavu, na akimaliza ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mkate. Sijaona picha ya mtu huyo kwenye gazeti lolote.

Bunduki na dhamiri

Ingekuwa si haki kusifu kazi hii bila kusema kuhusu maumivu yaliyo karibu nayo. Tarehe 27 Septemba 2001 mtu mwenye silaha aliingia kwenye bunge la jimbo la Zug akaua watu 14. Kuna pia vifo vya kimya zaidi, vya watu waliojiua kwa bunduki zilizokuwa nyumbani. Jeshi lilipopunguzwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2003, watafiti waliona kujiua kwa bunduki kukipungua miongoni mwa wanaume wa umri wa jeshi. Hilo ni jambo la kupimwa kwa uzito, na Waswisi wamelipima. Mwaka 2007 iliamuliwa kwamba askari wasikae tena na risasi za jeshi nyumbani. Februari 2011 wananchi walipigia kura pendekezo la kuzihifadhi bunduki za jeshi kwenye maghala, na asilimia 56.3 walilikataa. Mei 2019 walikubali, kwa karibu asilimia 64, kuoanisha sheria zao za silaha na masharti mapya ya Ulaya, ingawa shirikisho la wapigaji lilipiga kampeni ya kuyapinga.

Mtu anaweza kuwa upande wowote wa kura hizo. Mimi ningeweka bunduki ghalani. Lakini maadamu nchi imeamua kwamba vijana wake watakaa na bunduki, ni bora mara mia bunduki hizo zipite mbele ya macho ya mtu kila mwaka, mtu anayewajua vijana wenyewe na wazazi wao. Msimamizi wa klabu anaona mikono inayotetemeka. Anaona kijana aliyekuwa mcheshi mwaka jana na mwaka huu hasemi. Hakuna kifungu kinachomtaka aulize habari za nyumbani, na wengi wao huuliza.

Nani atapokea funguo?

Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni nchi nzima hupiga shabaha kwa pamoja, katika sikukuu iitwayo Feldschiessen. Hushiriki watu wapatao 120,000, wakiwemo wasio wanachama wa klabu yoyote. Risasi ni 18, ni za bure, na alama kamili ni 72. Zürich, kila Septemba, wasichana na wavulana wa miaka 13 hadi 17 hushindana kwenye uwanja wa Albisgütli. Shindano hilo lilikuwa la wavulana tu mpaka mwaka 1991. Na wanawake hawakubaki nyuma: Nina Christen alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Tokyo, na Chiara Leone akaleta nyingine kutoka Paris mwaka 2024, wote kwenye bunduki ya mita 50 ya mikao mitatu.

Ukitazama hayo utadhani mambo ni shwari. Sivyo. Washiriki wa Feldschiessen waliwahi kuzidi 200,000. Jeshi dogo lina maana ya askari wachache wanaokuja kwenye shabaha ya lazima, na kwa hiyo malipo machache. Vijiji vimefunga viwanja vyao na kuungana na jirani, mara kwa machozi, mara kwa hesabu tu. Kuungana kunaokoa fedha; kunapoteza mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwenda kukata nyasi. Akiwa na safari ya dakika 25 kwa gari, anaanza kukosa.

Wakati wa baridi, klabu inapokaa kwenye mkutano mkuu, ajenda ngumu ni ile ya uchaguzi. Mweka hazina ana miaka 74 na ameomba kupumzika kwa mara ya tatu. Chumba kinakuwa kimya, kila mtu anatazama glasi yake. Vijana wanapenda kupiga, na wanapiga vizuri. Wanapoulizwa kuhusu daftari, ripoti ya mazingira, bima, fomu za jeshi na masanduku ya mpira, wana watoto wadogo na kazi za mbali, na hawasemi uongo. Wakikosekana viongozi, klabu huvunjwa, fedha zilizobaki hutolewa kama katiba yao inavyosema, na halmashauri, ambayo bado inafungwa na ibara ya 133, inalazimika kuwaomba majirani wawapokee askari wake.

Nasema waziwazi kwamba dola la Uswisi limewategemea watu hawa kupita kiasi. Limewapa wajibu wa kijeshi, likawaongezea kanuni ya kelele, likawaongezea sheria ya udongo, kila moja ikiwa ya haki, na zote zikitua kwenye meza ile ile ya jikoni ambako mtu anahesabu soseji. Risasi nyingi zilizo ndani ya matuta yale zilipigwa kwa amri ya sheria ya taifa. Basi gharama ya kuzitoa ni deni la taifa, na si sawa kijiji chenye wakazi 800 kubaki kikibishana nani alichafua. Bunge la taifa mjini Bern likitaka askari wake waendelee kupimwa na majirani, lichukue sehemu kubwa ya gharama ya kusafisha kila uwanja unaotumika kwa shabaha ya lazima, na lilipe matengenezo ya shabaha kwa bei ya leo. Nyasi, mikeka na foleni za Agosti, wanachama wamekwisha kuonyesha kwamba watazishughulikia wenyewe.